Maonyo Niliyoyazima

Afande hakuyasoma maonyo ya kompyuta akiwa amekaa. Akiona kioo kimeanza kuyaandika, alisukuma kiti nyuma, akasimama wima, akasoma mstari mmoja mmoja kwa sauti ya kwaride. Halafu alivuta daftari la shule, akanakili onyo lile neno kwa neno kwa kalamu ya bluu, na chini yake, kwa nyekundu, akaandika tulichofanya ili liondoke. Mimi nilikuwa nyuma yake nimekunja uso. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina cheti cha kompyuta kutoka Kampala, na nilimwona mzee huyu kama gogo lililoangukia njia yangu.

Hiyo ilikuwa Arua, mbali na Kampala, karibu na mipaka ya Sudan na Congo, miaka ya tisini, wakati wakimbizi wa Sudan walipokuwa wakivuka kwa wingi kuingia Koboko. Shirika letu lilikuwa dogo, na limeshafungwa siku nyingi. Lilikuwa na ofisi Arua yenye kompyuta mbili, na kituo cha lishe Koboko, chenye kompyuta yake moja, ambako watoto walipimwa uzito na urefu. Mimi niliajiriwa kuandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Yeye aliajiriwa kutunza redio na jenereta, akaishia kutunza kila kitu chenye waya, pamoja na mimi niliyewekwa chini yake.

Jina lake nalijua, ila sitaliandika. Wote tulimwita Afande, kwa sababu kabla ya vita vya sabini na tisa, vilivyomkimbiza mpaka Congo, alikuwa mtu wa mawasiliano jeshini, na ujeshi haukumtoka. Shati lake lilikuwa na mikunjo ya pasi mikali. Viatu lakini vilikuwa hadithi nyingine: kimoja cheusi, kimoja cha kahawia, na kila aliyemcheka alijibiwa vilevile. "Mwenzake ya hii nyeusi ilibaki Congo na mwenzake ya hii kahawia. Mimi nafanya nini, narudi kuitafuta?"

Alikuwa mtu wa masharti, na mengi yalitoka kwenye redio. Mtu akimwita hewani bila kujitambulisha, hakumjibu. Siku moja bwana mkubwa wetu, Mzungu aliyekuja kila baada ya miezi mitatu, alimwita kutoka Koboko kwa haraka, akaanza tu kutoa amri. Afande alikaa na kipaza sauti mkononi, kimya, mpaka yule bwana alipotaja jina la kituo chake. Nilimwambia, "Afande, si sauti yake unaijua?" Akanitazama kwa huruma. "Sauti ni kitu ya kuiga, binti. Mutu aseme yeye ni nani na anatoka wapi. Halafu tunaongea."

Kingine: akishamaliza kuita, alinyamaza. Hakurudia mara mbilimbili kama vijana. Alisema, "Ukiita, nyamaza. Mupe mwenzako nafasi ya kujibu." Ungeweza kunywa nusu kikombe cha chai kabla hajafungua mdomo tena. Kimya chake kilinichosha kuliko kelele za jenereta.

Na chai yenyewe! Mtu huyu, ambaye hakuacha onyo la mashine lipite bila kuandikwa, alikuwa ameonywa na daktari aache sukari. Alitia vijiko vitano. Mguu wake wa kushoto ulivimba kila jioni, akaufunga kwa kitambaa, akasema ni baridi. Nilipomtania kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, alicheka mpaka akakohoa, kisha akaongeza kijiko cha sita, makusudi, akinitazama machoni. Alikuwa Mwislamu wa swala tano, lakini matanga yoyote ya Wakatoliki Arua ungemkuta kwenye benchi la mbele, akiimba nyimbo zao kwa Kiitaliano cha kubahatisha. Alidai kwamba maiti haina dini, ina ndugu tu.

Kuhusu elimu yake ya kompyuta, sijui niielezeje. Alipokuwa ukimbizini upande wa Congo alitengenezea wamisionari redio. Baadaye, huku Arua, mfanyakazi mmoja wa kujitolea alimwachia kitabu kinene cha lugha ya C, naye akakisoma ukurasa kwa ukurasa na kamusi ya Kiingereza pembeni. Hakuweza kuandika programu ya mistari ishirini ikafanya kazi. Lakini kusoma za wenzake aliweza, na alipofika mahali asipopaelewa hakuona haya kuuliza. Mimi niliyeona haya kuuliza ndiye niliyekuwa na cheti.

Onyo alilolichukia kuliko yote lilikuwa moja, na lazima nilieleze, maana bila hilo hamtanielewa. Katika lugha ya C, kazi nyingi za kila siku zimeshaandikwa na watu wengine na kuwekwa maktabani: kukata desimali, kutafuta kipeuo, kuchapa maneno. Tunaziita fanksheni. Ukitaka kuitumia, unaandika juu kabisa ya programu mstari mmoja wa kuitambulisha. Ukiusahau mstari huo, kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi yako kuwa lugha ya mashine, siku zile haikukataa. Ilitoa onyo, kisha ikaendelea kwa kudhani kwamba fanksheni hiyo italeta namba nzima. Kama kweli inaleta namba nzima, hakuna kilichoharibika. Kama inaleta desimali, mashine inaokota chochote ilichokikuta mahali pa namba nzima na kukiita jibu.

Afande alilieleza kwa njia yake. "Mutu anakuja kwa mlango yako. Hajasema jina, hajasema anatoka wapi. Unamutuma sokoni? Hii mashine inamutuma! Inasema, basi, atarudi na kitu mzima. Inakisia tu. Halafu inatuambia sisi: nyinyi muangalie, mimi nimekisia. Inatupigia simu, binti. Na wewe unataka kukata simu."

Nilikuwa nataka kukata, ndiyo. Sharti lake lilikuwa kwamba programu haiendi Koboko kabla hajasimama, akasoma maonyo yote, na kutia sahihi kwenye daftari. Sahihi yake ilikuwa ndefu, yenye mkia uliopita chini ya jina zima. Bwana mkubwa alilipenda sana daftari lile, akawaonyesha wageni.

Sasa nifike nilipokuwa nakwepa kufika.

Programu ya watoto ilikuwa kazi yangu ya kwanza kubwa. Muuguzi wa Koboko aliandika uzito na urefu wa mtoto. Mashine ilitazama jedwali lenye uzito unaotakiwa kwa kila sentimita. Kisha ikaandika LISHE au HAPANA. Aliyeandikiwa LISHE alipewa uji wa maziwa na mafuta mpaka anenepe. Aliyeandikiwa HAPANA alirudi nyumbani. Muuguzi alikuwa ameagizwa afuate karatasi ya kompyuta, asiongeze wala asipunguze, kwa sababu mwanzoni watu walilalamika kwamba nafasi zinatolewa kwa kujuana.

Jedwali lilikuwa la sentimita kamili. Mtoto wa sabini na nne alikuwa na mstari wake, wa sabini na tano alikuwa na wake. Lakini ubao wa kupimia ulionyesha hata nusu, na muuguzi yule alikuwa mwaminifu, akaandika nusu. Kwa hiyo mwenye nusu nilimpitisha kwanza kwenye fanksheni ya maktaba ya kukata desimali, ambayo hata ikishakata nusu huleta jibu lake kwa umbo la desimali; asiye na nusu akaenda moja kwa moja. Na ikiwa urefu umetoka nje ya jedwali, niliagiza mashine iandike HAPANA, nikiamini kwamba atakuwa mtoto mkubwa aliyeletwa kimakosa.

Alhamisi moja nilimaliza. Gari la Koboko lilikuwa liondoke Ijumaa asubuhi, na bwana mkubwa alikuwa ndani ya ofisi. Nilipoipitisha programu kwenye kompaila, yalitoka maonyo kumi na moja, yote ya aina ile aliyoichukia Afande. Nilikuwa nimeandika kwa pupa, sikutambulisha kitu. Nilitazama la kwanza: fanksheni ya kuchapa. Inaleta namba nzima, haina neno. La pili vivyo hivyo. La tatu, la nne. Nikajiambia haya yote ni kelele. Kumi hayakuwa na madhara kweli, na hilo ndilo lililoniponza. Sikufika la kumi na moja.

Ningeweza kuandika ile mistari ya utambulisho. Ilikuwa mitatu tu, maana mstari mmoja huweza kutambulisha fanksheni nyingi za maktaba moja. Lakini nilijua Afande angesimama, angeyasoma yote kumi na moja mbele ya bwana mkubwa kwa sauti yake ile, na angeuliza kila moja limetoka wapi. Niliona aibu mapema, kabla hata sijaaibishwa. Nikafungua sehemu ya mipangilio, nikazima maonyo. Ni kitufe kimoja. Nikapitisha programu tena, kioo kikawa safi: maonyo, sifuri.

Akaja, akasimama. "Hakuna neno?"

"Hakuna, Afande."

Alisoma ile sifuri kwa sauti, vilevile alivyosoma maonyo. Kisha akanipa mkono. Akamwambia bwana mkubwa kwa Kiingereza chake cha jeshini kwamba tangu daftari lianze hajaona kazi safi hivi. Kwangu akasema, "Sasa umekomaa, binti yangu." Akatia sahihi, na mkia wa sahihi ile siku hiyo aliuvuta mpaka ukingoni mwa karatasi. Mimi nilitabasamu. Nasema wazi kwamba nilifurahi.

Nilikuwa nimeijaribu programu, msidhani sikuijaribu. Niliingiza watoto ishirini wa kubuni. Wote niliwapa urefu kamili, kwa sababu ndivyo mtu anavyobuni akiwa na haraka, hakumbuki nusu.

Wiki tatu baadaye muuguzi alipiga kelele kwenye redio. Alisema kuna watoto anaowaona kwa macho wamebaki mifupa, na karatasi inamwambia HAPANA, HAPANA. Afande alimwomba asome kadi zao hewani, moja moja. Alipofika ya tatu mzee aliweka kalamu chini. Alikuwa ameshaona, kabla yangu, kwamba kila mmoja ana nusu mwishoni. Tulizihesabu: watoto saba.

Afande alikaa mwenyewe kwenye kompyuta yangu. Hakunifukuza wala hakuniita. Nilikuwa mlangoni nikamwona akifungua mipangilio na kuwasha maonyo, nikasikia kiti kikisukumwa nyuma. Aliyasoma yote kumi na moja, kwa sauti ya chini nisiyowahi kuisikia kwake. La mwisho lilikuwa la fanksheni ile ya kukata desimali: kwa kila mwenye nusu mashine ilikisia, ikaokota namba ovyo, ikaiona nje ya jedwali, ikaandika HAPANA. Nilitoka nje, nikaenda nikajifungia chooni, na huko nikalia, zaidi kwa ajili yangu kuliko kwa ajili ya watoto. Hiyo nayo niikiri.

Programu aliirekebisha mwenyewe: mistari mitatu. Gari liliondoka mchana uleule.

Kikao kilifanyika Jumatatu. Bwana mkubwa aliweka daftari mezani, akalifungua ukurasa ule, akauliza nani alithibitisha kwamba kazi hii ni salama. Afande alisema, "Sahihi ni yangu." Halafu akanyamaza.

Kimya kile nilikitambua. Kilikuwa kimya chake cha redioni, cha mtu aliyekwisha kuita na anampa mwenzake nafasi. Hakunitazama. Alitazama meza, mikono imetulia, akangoja. Watu walidhani anajutia. Mimi peke yangu mle ndani nilijua ananingoja mimi. Nikajikausha. Nilifikiri habari za mama yangu kutegemea mshahara wangu, nikafikiri kwamba mzee ameshazeeka na mimi naanza. Mtu akitafuta sababu hazikosi. Bwana mkubwa akakohoa, akasema anasikitika, na Afande akapewa barua ya kuachishwa kazi kabla ya saa sita.

Alipokuwa akikusanya vitu vyake alinikuta nimesimama kando ya redio. Nilifungua mdomo. Akaniwahi. "Betri ya pili inavuja. Iangalie." Basi.

Mwaka haukuisha nikahamishiwa Kampala kwa cheo. Barua yangu ya sifa ilitaja uangalifu.

Miaka ilipita. Watu waliniambia Afande amerudi kwao Midia, karibu na Koboko, analima muhogo na karanga. Wakaniambia pia jambo nililotamani nisilisikie: kwamba baada ya kufukuzwa alichukua baiskeli, akazunguka Koboko, Midia, Abuku, mpaka kwenye kambi za mpakani, akiwatafuta wale saba, mmoja mmoja, awarudishe kituoni. Hakutumwa na mtu, na mguu ule ule umevimba. Aliwapata sita. Wa saba alimkuta amezikwa siku mbili nyuma. Nilipoisikia habari hiyo niliuliza haraka kama hakuwa na surua, maana mwaka ule surua iliua wengi. Aliyenisimulia akasema labda. Nikaishi juu ya hiyo labda kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili.

Kisha nilikwenda Arua kumzika shangazi. Baada ya mazishi, badala ya kurudi Kampala, nilijikuta Koboko nikiuliza njia ya kwa Afande.

Alikuwa anamenya muhogo. Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu, lakini shati lilikuwa limepigwa pasi. Alinitambua kwa sauti, akacheka, akamwita mkewe alete chai. Tuliulizana hali mpaka maneno ya heshima yakaisha. Nikapiga magoti pale kwenye maganda, nikasema, "Mzee, ni mimi niliyezima maonyo. Nilikudanganya, ukafukuzwa kwa ajili yangu. Naomba unisamehe."

Aliendelea kumenya kidogo. "Hiyo mimi najua siku zote."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema nini? Wewe ulikuwa pale, iko na mdomo. Nilikungojea." Akafuta kisu kwenye suruali. "Kazi ilikuwa ya shirika. Ilienda, ikaenda. Mimi nilitia sahihi kitu ambayo sikuona na macho yangu. Hiyo ni kosa yangu, nimeshaongea na Mungu. Lakini wewe unaomba kwangu kitu ambayo haiko kwangu."

Aliinuka kwa shida, akachukua fimbo. "Tuende. Si mbali."

Nilielewa tunakokwenda kabla hatujavuka shamba la jirani. Nilimwambia nitakuja siku nyingine, nimechoka na matanga. Yeye alitembea tu, na sikuweza kumwacha mzee wa jicho moja atembee peke yake kwenye njia ile ya mawe.

Mama wa yule mtoto wa saba alikuwa anaanika ufuta. Alikuwa mtu wa upande wa Sudan, amebaki huku na wanawe wakubwa, amepewa kipande cha kulima. Afande aliingia kama mtu wa nyumbani. Akaletewa kiti, kilikuwa kimoja tu, akakaa. Akasema, "Mama, huyu ndiye."

Kumbe alikwisha kumwambia zamani kwamba ipo siku mtu atakuja.

Nikasimama mbele yake, nikasema. Sikumweleza habari za fanksheni wala desimali. Nilisema mashine ilinionya, nikaiziba mdomo kwa sababu nilikuwa na haraka na niliogopa kuchekwa, na mtoto wako akaandikiwa HAPANA kwa ajili hiyo. Sikuitaja surua. Ilikuwa ulimini kabisa, nikaimeza.

Alinisikiliza mikono yake ikiwa bado ndani ya ufuta. Hakulia wala hakunitukana. Akauliza kitu kimoja.

"Jina yake ilikuwa nani?"

Kadi yake naikumbuka hata leo, mia mbili na kumi na nane, urefu sabini na moja na nusu. Katika programu yangu jina halikuwamo. Nafasi kwenye disketi ilikuwa finyu, nikaona namba inatosha. Miaka yote ile nilimbeba mtoto huyo kifuani na sikuwahi kuuliza aliitwaje.

"Sijui, mama," nikasema.

"Kiden," akasema. "Nilizaa wavulana tatu, ndiyo yeye akakuja, binti; kwetu jina ya mutoto kama huyo ni hii. Sema."

"Kiden."

"Hapana hivyo. Unasema kama mutu anasoma. Sema."

Nikasema tena. Akanirudisha, nikasema tena, mpaka sauti yangu ilipokatika katikati ya jina. Hapo akatoa mikono kwenye ufuta, akaipangusa.

"Sasa kaa," akasema.

Nikakaa chini, kwenye udongo, maana kiti alikikalia Afande.